Zamu ya Jeep

Safari ya kwenda Lubumbashi ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyokaa katika miji mingi niliyoishi baadaye. Nilitoka Moba kwa baiskeli ya mjomba wangu, nikaiuza Pweto, nikashuka ziwa Mweru katika boti lililojaa mbuzi, nikateremshwa Kilwa nikiwa na homa. Nilipopona nikafuata wavuvi mpaka Kasenga. Pale nilikaa msimu mzima wa mvua nikipakua samaki, nikitazama Zambia ng'ambo ya Luapula na kujiambia kwamba kesho nitavuka. Sikuvuka. Nilipanda lori la samaki wakavu lililokuwa linakwenda mjini, nikaketi juu ya vifurushi, na barabara ilikuwa imeoza. Lori likakwama, tukakata matawi, tukayaweka chini ya magurudumu, likatoka, likakwama tena mbele ya macho ya kijiji kilekile. Tulipofika Lubumbashi, kwenye soko la mtaa uitwao Kenya, mama mmoja alinisogelea akauliza bei, kisha ndipo akaona kwamba mimi si kifurushi.

Dereva alikuwa na rafiki yake, mkubwa wa mlango katika nyumba moja ya dansi, zile ambazo kule wanaziita bwate. Alinipeleka mchana, wakati milango inaachwa wazi ili hewa ya jana itoke. Mtu mnene, mrefu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akipangusa viatu vyake. Alininusa kabla ya kunisalimia.

“Huyu unamutosha fasi gani?” akamwuliza dereva.

“Kasenga, vieux.”

“Ata usiseme. Pua ilishajua.” Akanigeukia. “Unaweza kusimama?”

“Kusimama?”

“Kusimama. Bila kuegemea ukuta. Bila kukalia ngazi. Bila kujibu matusi.”

Nikasema naweza.

“Basi simama. Tuone.”

Akaendelea na viatu vyake mpaka jua likahama. Ndivyo nilivyopata kazi.

Jina lake nalijua, lakini hata sisi tuliofanya naye kazi hatukulitumia. Tulimwita Vieux, na hapa nitamwita Mzee wa Mlango, ingawa hakuwa mzee. Alikuwa na umri nilio nao mimi leo.

Viatu vyake havikuwa na kamba. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, na nilikaa wiki nzima nikifikiri ni umaskini. Suruali yake nyeusi nayo haikuwa na mkanda. Kiunoni ilikuwa imeshonwa mpira kama suruali ya mtoto, na koti lilificha. Wenzangu wote walikuwa vivyo hivyo. Mimi peke yangu nilikuja na mkanda wa ngozi, tena wenye chuma kikubwa mbele, na wakanicheka.

“Petit, huo mukanda utauachia komanda,” mmoja akaniambia; petit kwao ni mdogo.

Ni hivi. Kila Jumamosi jeep ya polisi ilipita kwetu, na jeep hairudi tupu. Zamani, waliniambia, polisi walikuwa wanachukua wateja pale mlangoni, yeyote aliyesahau nyumbani kadi yake ya mpiga kura, ambayo kule ndiyo kitambulisho, na wateja wakaanza kukimbilia bwate nyingine. Ndipo mwenye nyumba na komanda wakaelewana: kila Jumamosi, mtu mmoja wa mlango apande jeep. Kosa linaandikwa kuvuruga usalama wa watu. Analala kasho, yaani mahabusu ya polisi, na Jumapili asubuhi mwenye nyumba anatuma neno, anatoka. Komanda ana mtu wa kuwaonyesha wakubwa wake, wateja wanacheza kwa amani. Tuliiita zamu ya jeep, na ilizunguka kati yetu kama zamu ya kufagia. Ukiingia kasho wanakuvua mkanda na kamba za viatu, na havirudi. Saa ya mkononi nayo hairudi. Kwa hiyo jeep inapokata kona, mwenye zamu anavua saa yake bila kusema kitu, anamwekea aliye kulia kwake kiganjani, na huyo anaitia mfukoni. Baada ya miezi michache hata huangalii. Mkono wa mwenzako unagusa wako, na kiganja kinafunguka chenyewe.

Kwa kawaida aliyesimama kulia kwa Mzee wa Mlango nilikuwa mimi.

Kwa wateja alikuwa mpole wa ajabu. Hakumwambia mtu yeyote kwamba haingii. Alisema tu, “Ngojea kidogo, papa,” na mtu alingojea, akangojea, mpaka akachoka na kuondoka akijiona ameamua mwenyewe. Wasichana walimtania sana. Mmoja alizoea kumwambia, “Vieux, leo nikiolewa huku ndani, ni weye utakula mahari,” naye alijibu kila mara, “Basi nitafutie mbuzi anayejua kucheza, ili nimupitishe mlangoni.” Mlevi mmoja aliwahi kumtemea mate kifuani. Alitoa kitambaa, akajipangusa, akamwuliza anakaa mtaa gani, akamtafutia pikipiki ya kumrudisha.

Lakini mbele ya polisi nilishindwa kumtazama. Mwili ule wote uliingia ndani, kofia ikashuka mpaka kwenye mapaja, na sauti ikawa nyembamba. Aliwaita wote chef, hata yule kijana aliyekuwa bado anajifunza kubeba bunduki. Kijana huyo alizoea kumsukuma kwa goti nyuma ya mguu akisema, “Panda, kiboko,” na Mzee wa Mlango anajibu, “Ndiyo, papa,” na kupanda, huku watu waliovaa vizuri wanatazama, wengine wakirekodi kwa simu. Niliangalia chini. Sote tuliangalia chini. Nadhani hata mwenye zamu aliona afadhali tusimtazame.

Mchana mmoja nilimwuliza kwa nini anajishusha kiasi kile, wakati jambo lenyewe limepangwa na kila mtu anajua.

“Petit,” akasema, “mi nikisimama na urefu yangu yote, ule kijana atawaza namuzarau. Iko na bunduki. Bunduki ya muntu mwenye kuona haya, iko mubaya sana.”

“Na weye, hauone haya?”

Alimwangalia mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la makaa kichwani.

“Ya kwangu haina bunduki,” akasema.

Zamu yangu ya kwanza aliipanda yeye. Sikuwa bado na kadi yoyote, na alisema mtu asiye na kadi anaweza kusahaulika ndani. Akaipanda ya pili pia. Wenye watoto wachanga aliwapandia, na wenye kifua kibaya. Nilipohesabu moyoni niliona kwamba zamu yake ilikuwa inazunguka haraka kuliko ya mtu yeyote, na hakuna aliyelisema, maana aliyelisema angepaswa kupanda.

Sasa niseme jambo lililomfanya awe mtu mgumu kueleweka. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Katika kanisa lao kule Katuba alikuwa mtu wa protokole, wale wanaosimama mlangoni na glovu nyeupe kuwaonyesha watu mahali pa kuketi. Ndiyo, mlango tena. Mkewe aliimba kwaya. Na mkewe, watoto wake, mchungaji na mtaa mzima walijua kwamba kazi yake ni kulinda nyumba ya watu wakubwa Karavia, karibu na maji, nyumba yenye bustani na mbwa wawili.

Uongo huo aliutunza kama mtu anayetunza bustani yenyewe. Alimwuliza mpishi wetu, aliyewahi kufanya kazi Karavia, majina ya maua. Alichagua mbwa mmoja afe, akarudi nyumbani na huzuni kwa siku mbili. Mkewe alipomwomba siku moja ampeleke akaone maua, alisema mwenye nyumba ni mkali. Na mtu huyohuyo, mwenzetu mmoja alipodanganya kwamba ana malaria ili aruke zamu, alimfukuza mbele yetu sote. “Hapa hatudanganyane,” akasema, na uso wake haukucheza hata kidogo. Sikujua nicheke au nilie.

Basi Jumapili aliyotoka kasho hakuweza kwenda nyumbani moja kwa moja. Alikuja kwangu. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kenya, nyuma ya soko, na kwa kuwa yule dereva aliendelea kuniletea vifurushi vya kuwauzia akina mama, chumba kilikuwa kimejaa samaki wakavu mpaka chini ya kitanda. Juu ya vifurushi, kwenye msumari, lilining'inia shati lake jeupe la kanisani. Alioga uani kwa ndoo, muda mrefu, akijisugua shingo kama anayetaka kuondoa ngozi. Mimi niliweka saa yake juu ya kiti. Aliivaa, akavaa shati, akanishukuru bila kunitazama, akaenda kuvaa glovu zake.

Niliona aibu ya harufu ile. Siku moja nilimwambia, “Vieux, nikuwekee shati kwa jirani. Huku linashika samaki.”

Alilileta puani, akavuta, akasimama hivyo kidogo.

“Apana,” akasema. “Iache bile, vile ilivyo.”

“Lakini kanisani?”

“Iache bile, petit.”

Nilidhani ni upole wake, kwamba hakutaka kunidhalilisha.

Binti yake wa kwanza alipopata mchumba, alibadilika. Alianza kuogopa watu waliokuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Familia ya mchumba walikuwa watu wa Kasai waliozaliwa mjini tangu babu zao, wenye duka la vifaa vya shule, watu wa kuuliza maswali kwa utaratibu. “Batauliza baba anafanya kazi gani,” aliniambia. “Batauliza mbwa iko anaitwa nani.” Akawa anasimama nyuma ya nguzo. Na zamu, kwa mara ya kwanza, aliomba tumruke mpaka mtoto aolewe. Tukamruka. Hatukuwa na uso wa kumkatalia.

Siku ya wageni kuja kujitambulisha, aliniomba nikae upande wake. Ndugu zake wa kweli walikuwa mbali. “Utakuwa mudogo wangu,” akasema. “Wa Kasenga. Ukae kulia kwangu, usiseme mingi.”

Ilikuwa Jumamosi mchana, chini ya turubai uani kwake. Viti vilikuwa vimekodishwa, bukari, ugali wa kule, inaiva nyuma ya nyumba, kuku wanalia mafuta. Mzee wa Mlango alikuwa amevaa suti ya kijivu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mkanda. Viatu vilikuwa na kamba mpya. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba alihangaika kuzifunga mpaka mtoto akamsaidia. Wageni walifika kwa wakati, wakaketi, msemaji wao akaanza kusifu nyumba. Alisema wameliona ua zuri katika boma hili na wangependa kujua mlinzi wake. Watu walicheka. Mzee wa Mlango alijibu vizuri sana, kwa sauti yake ndogo, kwamba ua hili halina mbwa mkali, ila mama yake. Wakacheka zaidi. Niliona mabega yake yanashuka. Nikajua amepita.

Ndipo lango likafunguliwa, akaingia mjomba wa mchumba, aliyekuwa amechelewa. Alikuwa polisi wa Likasi, ametoka kazini moja kwa moja, amevaa sare, ana tabasamu na kreti ya bia mikononi. Hakumjua mtu yeyote pale. Hakuwahi kukanyaga mtaa wetu.

Mzee wa Mlango alisimama. Mwili ukaingia ndani. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akavua saa, akainyoosha upande wangu bila kuangalia. Nami, bila kuangalia, nikafungua kiganja, nikaipokea, nikaitia mfukoni. Kisha akaanza kufungua mkanda.

Chuma cha mkanda kililia. Hapo akili ikamrudia, akabaki na ncha ya mkanda mkononi, mbele ya wakwe zake.

Yule polisi alikuwa wa kwanza kuelewa. Polisi anajua maana ya mtu kuvua saa mbele yake. Aliweka kreti chini polepole.

“Papa,” akasema, “mi sikukuya kukamata muntu. Nilikuya kulya.”

Watu walicheka, maana hawakujua la kufanya, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Msemaji wa wageni alitazama mkanda, akanitazama mimi, akatazama mfuko wangu. Sitasahau uso wa binti. Na katika ukimya ule nikasikia mtu bado anacheka: mkewe, mlangoni pa jiko, kitenge mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Nikaona ni ukatili. Nilisema moyoni, huyu mwanamke hana huruma.

Ndoa haikuvunjika. Watu wale walikuwa waungwana kuliko tulivyowaogopa. Waliuliza, wakajibiwa, wakala. Lakini siku ya harusi kanisani aliyemshika binti mkono alikuwa mjomba wake upande wa mama, na Mzee wa Mlango hakuvaa glovu siku ile wala Jumapili yoyote nyingine. Hakurudi kazini. Hakurudi chumbani kwangu pia. Saa yake ilibaki kwenye kiti, shati kwenye msumari.

Zamu ziligawanywa upya, na ndipo nilipojua amekuwa akitubebea nini. Jumapili moja nilitoka kasho nikarudi kwa miguu mpaka Kenya, suruali nyeusi, jasho la watu wengine mwilini, wakati watu wanakwenda misa na nguo za kupigwa pasi. Mama mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili. Hakuwa na ubaya. Mimi pia ningemvuta. Nilipofika chumbani niliketi nikitazama lile shati, nikaona mimi sina mtu wa kuniwekea langu. Wiki ile niliuza samaki waliobaki kwa bei yoyote, nikafunga begi.

Nilikwenda Katuba siku ya kuondoka, mchana, nikiwa na saa mfukoni na shati limekunjwa kwenye gazeti. Mzee wa Mlango alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Aliponiona aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyenikaribisha.

“Aa, shemeji wa kuazima,” akasema. “Kaa.”

Nikampa lile gazeti. Alilifungua, akaona shati, akalileta puani. Akafumba macho.

“Njo yeye, ndiye huyu,” akasema.

“Nani, mama?”

“Bibi wa Kasenga.”

“Mama, wacha bile,” mumewe akasema bila kuinua kichwa.

“Siwache. Asikie.” Akaketi mbele yangu, shati juu ya magoti. “Miaka yote, dimanche ya kanisa anarudia, chemise inanuka samaki. Ya Karavia kuna samaki mukavu? Siku moya nikamuuliza: baba, hii harufu ni ya nani? Ule pale, akashuka kwenye kiti, akapiga magoti. Akasema: ni mwanamuke mumoja wa Kasenga, anauzishaka samaki, unisamehe. Na mi nikamusamehe! Nikalia mwezi muzima, nikamusamehe. Nikaenda soko ya Kenya, nikaangalia bamama ya samaki mumoya mumoya. Nikawaza: ni huyu? Ao ni ule munene kule?”

Sikujua niweke wapi macho.

“Ile siku, akatosha saa, akakupatia weye, na weye ukaipokea kama muntu anapokea chumvi kwa mezani.” Akatikisa kichwa. “Na weye wa Kasenga, unanuka samaki ileile. Njo nikajua. Akuna mwanamuke. Akukuwaka mwanamuke. Watu wote banaona haya, mi peke yangu nacheka kama mwenda wazimu.”

Mahindi yaliendelea kuanguka kwenye beseni, moja moja. Mimi nilimtazama yule mtu aliyetufundisha tusidanganyane. Alikuwa amekubali mkewe alie mwezi mzima, amekubali kuitwa mzinzi kila Jumapili ndani ya nyumba yake, na aliponusa shati na kusema iache bile, alikuwa anachagua.

“Vieux,” nikamwuliza sababu, “juu ya nini?”

Alimaliza hindi alilokuwa nalo mkononi.

“Mwanaume ya bibi wawili,” akasema, “watoto yake banamuchukia, lakini banasimama nyuma yake. Ya kasho...” Akatupa gunzi. “Sikutaka bawaze ule kijana ananipiga goti.”

Mkewe hakucheka tena. Alichukua saa mkononi mwangu, akaenda akamfunga mumewe kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu kidogo, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule. Kisha akaniletea bukari kwenye majani kwa ajili ya safari. Langoni aliniambia, “Safiri muzuri, mukemwenza,” na safari hii hata mumewe alitabasamu, akiangalia chini.

Alinisindikiza mpaka barabara kubwa, mahali pa kungojea basi la Kolwezi. Alivaa kandambili. Watu waliompita walimsalimia, wengine walisalimia nusu. Tulisimama bega kwa bega, yeye kushoto, mimi kulia, kama zamani, bila kuegemea kitu.

Jeep ya polisi ilikata kona.

Ilikuwa imebeba kabichi, na polisi mmoja analala juu yake. Lakini mkono wa Mzee wa Mlango ulikuwa tayari kwenye kamba ya saa, na kiganja changu kilikuwa kimeshafunguka. Tulibaki hivyo mpaka vumbi likatulia. Hatukutazamana. Akaibana tena ile kamba, tundu lilelile alilochagua mkewe.

“Basi yako ile,” akasema.

Nikapanda.